Upande wa Marehemu

Lori lilifika wakati mjane anatoa tanurini mikate ya pili ya asubuhi. Aliipanga mezani, akaipaka siagi juu ili ing'ae, akafuta mikono kwenye aproni, kisha akaenda kufungua geti. Mumewe, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Kwenye lori walishuka watatu: kaka wa marehemu, ambaye mabinti wa nyumba ile walimwita Baba Mkubwa, dada wa marehemu, shangazi yao, na wakili aliyeshika mkoba na mwavuli ingawa mbingu ilikuwa nyeupe.

"Pole tena, shemeji," alisema Baba Mkubwa. "Tumekuja kuchukua vya marehemu."

"Vya marehemu ni vipi na vyangu ni vipi?" mjane aliuliza.

"Utaviona tukivibeba."

Walibeba friji, kabati, kitanda kikubwa, na mashine ya kuchomelea pamoja na miwani yake. Tanuri lilikuwa limejengewa sakafuni, kwa hiyo badala ya kulibeba walichukua funguo za nyumba. Wapakiaji walikula mikate bila kuomba. Lori lilipojaa, shangazi alisema kazi bado haijaisha. Akatoa mkobani mwake kopo la biskuti lililotandikwa pamba ndani, akamwita binti mkubwa.

Binti mkubwa alikuwa msusi. Alikuwa na mwanya wa baba yake, vishimo vya mashavuni vya baba yake, na alikuwa mashoto kama yeye. Watu waliomjua fundi walikuwa wakimsimamisha njiani kwa ajili ya kumtazama tu akicheka.

"Hivi navyo ni vya marehemu," alisema shangazi.

Wote wakamgeukia wakili. Wakili alifikiri, akasema sheria ya mirathi haitaji mashavu, wala haiyakatazi.

Baba Mkubwa akanyoosha mkono amshike binti bega.

"Usinishike," alisema binti mkubwa. "Nitasimama mwenyewe."

Akasimama. Shangazi alivitoa vishimo kwa kidole gumba, kimoja kimoja, kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Mwanya ulitoka kwa shida kidogo kwa sababu ulikuwa wa siku nyingi. Ushoto ulitoka taratibu kwenye ncha za vidole, mrefu kama uzi, na shangazi akauviringisha kwenye kadi ya mwaliko wa harusi aliyoikuta mkobani. Mkono wenyewe waliuacha. Kila kitu kilifunikwa kwa pamba, na kopo likafungwa.

Kisha wakamwita binti mdogo, aliyekuwa bado anasoma sekondari. Shangazi alimfungua kinywa, akamgeuza masikio, akamwambia atabasamu. Binti mdogo alikataa kutabasamu, basi wakamvuta midomo. Hakukuwa na kitu. Alikuwa mama yake mtupu, kuanzia kisogo mpaka visigino. Hata macho ya marehemu, yale ya rangi ya asali yaliyowafanya watoto wa mtaani wamwite Paka, hakuna binti aliyekuwa nayo. Shangazi alisikitika kidogo, akasema hayo yamekwenda kaburini.

"Huyu hana chetu," alimwambia wakili. "Na mimi nasema mbele yako, huyu si damu ya kaka yangu. Sijui alitoka wapi."

"Wifi," mjane alisema, "rudia, maana wapakiaji hawakusikia vizuri."

Shangazi alirudia. Wapakiaji walisikia. Mjane aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea chenji sahihi.

Mjane na binti zake walihamia chumba kimoja ng'ambo ya barabara, kikitazamana na nyumba yao. Baba Mkubwa alituma ujumbe kwamba si adabu mjane kukaa karibu hivyo, na kwamba mji una mitaa mingine. Mjane alijibu kwamba mitaa mingine ameiona. Alipata pipa tupu, akalilaza, akalijengea matofali, akaanza kuoka tena mlangoni pake.

Mahali pa vitu vilivyochukuliwa hapakubaki wazi. Baada ya muda mfupi meno ya binti mkubwa yalisogeleana, yakabanana kama ya mama yake. Mashavu yalijaa, yakawa laini kama ya mama yake. Mkono wa kulia ukaanza kushika kitana bila kuulizwa. Wateja hawakulalamika, ila kazi ya kusuka iliyokuwa ikimchukua asubuhi sasa ilimfikisha alasiri, na alikuwa akijitazama kwenye kioo cha wateja huku amekunja uso.

"Nilikuwa nikimkumbuka baba namwona humu," alimwambia mdogo wake siku moja saluni ikiwa tupu. "Sasa namwona mama. Mama nampenda, lakini mama yupo nyumbani."

Binti mdogo alitoa karata zake begini. Alikuwa mpenzi wa karata, na mwalimu wa baiolojia alikuwa amewafundisha jambo ambalo yeye alilielewa kwa karata tu.

"Kila kitu mwilini kina karata mbili," alisema, akipanga. "Moja ya baba, moja ya mama. Ya mwanya ni ya makelele. Ikiwepo moja, inaonekana. Wameichukua, ndiyo maana ya mama iliyokuwa chini imejitokeza. Haikuletwa jana. Umezaliwa nayo."

"Na wewe?"

"Baba naye alikuwa na mbili mbili, za babu na za bibi. Wakati wa kukutengeneza wewe alizichanganya, akatoa nusu. Wakati wangu akazichanganya upya, akatoa nusu nyingine. Hawezi kutoa zote, maana nusu nyingine anatoa mama. Mimi sikupata mwanya. Lakini nusu nilipewa, kama wewe. Hakuna mtoto anayepewa pungufu."

"Ziko wapi sasa? Shangazi alikutafuta mpaka nyuma ya masikio."

"Alichukua alichokiona," alisema binti mdogo. "Kuna karata zenye haya. Ya macho ya asali ina haya. Ikikaa na nyeusi inajificha nyuma yake. Mpaka ikutane na mwenzake."

Binti mkubwa alizitazama karata kwa muda. Kisha akachukua kitana, akakijaribu mkono wa kushoto, kikaanguka. Akakiokota. Kuanzia siku ile alifanya mazoezi kila saluni ilipokuwa haina mteja, akiutumia mkono wa kushoto kwa ubishi tu, na mwisho ukajua kusuka. Haukuwa ushoto wa baba yake. Ulikuwa wake, na ulikuwa na hasira kidogo.

Ng'ambo ya barabara mambo yalikwenda vizuri. Mikate aliyooka Baba Mkubwa kwenye tanuri la mjane iliumuka kama kawaida na watu waliinunua. Baba Mkubwa aliuvaa mwanya, ukamfaa. Vishimo alipewa binti wa shangazi siku ya harusi yake. Kimoja kilikaa juu kuliko kingine, lakini kwenye picha hakikuonekana. Ushoto hakuna aliyeutaka. Ulibaki kwenye kadi.

Mjane alikwenda mahakamani. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa kujieleza vizuri, akawapa nyumba ndugu wa mumewe. Mjane alirudi, akakanda unga.

Binti mdogo alipomaliza masomo aliolewa na muuguzi, kijana mpole mwenye macho meusi, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa na macho ya asali. Walipata mtoto wa kike. Mkunga alipomfuta uso, mtoto alifumbua macho na chumba kizima kikapata rangi ya asali: kuta, mashuka, beseni la maji. Mkunga alisogeza pazia ili aone vizuri anachofanya, akaendelea kufunga kitovu.

Mjane alimpokea mjukuu. Kisha akasema, "Karibu, Paka," na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Shangazi alifika kabla ya mtoto kuanza kukaa. Alikuja na wakili yuleyule na kopo lilelile, ambalo sasa lilikuwa na kutu kwenye mfuniko. Mjane alisimama mlangoni na mikono yake yenye unga, hakusogea.

"Yale macho ni ya kaka yangu," alisema shangazi.

"Ni ya kaka yako," mjane alikubali.

"Basi ni yetu."

"Wifi, mama yake huyu mtoto uliapa si damu yenu. Niliomba urudie, ukarudia. Sasa chagua. Kama si damu yenu, hamna macho humu. Na kama ni damu yenu, ana haki katika nyumba ile, aingie leo na mtoto wake."

Shangazi alimgeukia wakili. Wakili alifikiri, akafungua mwavuli, akaufunga. Akasema jambo hili lina pande mbili, na upande mmojawapo ni ghali. Shangazi alichungulia ndani juu ya bega la mjane. Mtoto alikuwa kitandani anatazama dari, na dari ilikuwa ya asali. Shangazi alikaa akitazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Kaka yangu alikuwa anatazama hivyohivyo," alisema taratibu.

"Najua," alisema mjane. "Nilikaa naye."

Shangazi aliondoka na kopo lake. Nyumba haikurudi. Baba Mkubwa aliipaka rangi, akaongeza ghorofa, na baadaye akaiandikisha kwa majina ya wanawe. Mtoto alikua, akaanza kutembea, na kila alasiri bibi yake alimweka kwenye kiti mlangoni, uso umeelekea ng'ambo, hivyo madirisha ya nyumba ile yote yaling'aa kahawia nyepesi hata siku za mawingu. Waliokaa mle walinunua mapazia mazito. Mwanga ulipita.

Mteja mgeni, dereva aliyekuwa anapita tu, alisimama siku moja kununua mikate. Alimsifu mtoto kwa macho yake, akauliza ni wa wapi.

"Wa hapo," alisema mjane, akionyesha nyumba ya ghorofa kwa kidevu.

"Kumbe. Na wale ninaowaona madirishani ni wapangaji?"

"Hapana," alisema mjane, "ni wezi. Nikufungie mikate mingapi?"