Mama Radi Hajawahi Kushindwa

Kwa miaka kumi na moja nimekula kwa jasho la mwanamke asiyekuwepo. Mama Radi, mfagizi wa ofisi ambaye akikasirika ngumi zake hutoa umeme, hutoka kila Jumamosi ukurasa wa nyuma wa gazeti letu. Nimemchora akiwacharaza wenye nyumba wenye roho mbaya na mabosi wasiojua mikono yao ikae wapi. Wasomaji humwandikia barua yeye, si mimi, na ni haki yao. Mimi sijawahi kumpiga mtu hata kofi.

Mwezi uliopita shemeji yangu, fundi bomba, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akainua chupa ya maji meusi ya bomba letu, akauliza nani yuko tayari kuyanywa. Kesho yake watu watatu walimchukua kwa gari mbele ya mkewe, ambaye ni mdogo wangu. Kila asubuhi alikwenda kituoni, na kila asubuhi askari wa zamu alimwambia asubiri.

"Kaka, mchore," aliniambia. "Mama Radi anasomwa na kila mtu. Wakimwona humo hawataweza kujifanya hawajui."

Nikamchora shemeji kama alivyo: ovaroli, kipara, spana mfukoni. Nikachora gari na namba zake. Picha ya mwisho ilikuwa Mama Radi kasimama mbele ya kituo akiuliza, "Yuko wapi?"

Mhariri aliisoma mara mbili. "Mwanzo hauna neno, ila namba za gari toa. Mwisho ndio tatizo. Mama Radi hajawahi kushindwa. Mrudishe huyo bwana nyumbani, au tuache kabisa."

Nilijiambia angalau sura yake itaonekana. Nikamchora akiingia mlangoni asubuhi, jua begani, binti yake akimrukia. Niseme ukweli wangu mchafu: picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na nilifurahi.

Mtaa mzima unajua ni mimi ninayemchora Mama Radi. Wakadhani nimepata habari za ndani kwamba shemeji ameachiwa. Jumamosi ileile majirani walipiga hodi kwa mdogo wangu kumpa pongezi, na vijana waliokuwa wakipanga maandamano wakavunja mpango. Jumatatu askari wa zamu alimfungulia gazeti juu ya kaunta.

"Si huyu hapa, mama? Ameshapatikana. Nenda kapumzike."

Nilifika kwake alasiri. Hakunisalimu.

"Hakuna anayeniuliza habari zake tena," alisema. "Kwao yameisha. Sasa huyo mtoto mwambie wewe kwamba baba yake hajapatikana. Mimi nikimwambia, ananijibu mama hujui kusoma."

Binti yake, mpwa wangu wa miaka sita, alikuwa amekaa kizingitini na gazeti mapajani. Alikuwa hajala tangu jana, anamngoja baba yake. Nikachuchumaa kando yake. Maneno nilikuwa nayo, yale niliyompangia mama yake njia nzima.

"Mjomba," akaweka kidole juu ya baba yake, "hapa ni saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema.

"Basi ni kesho." Akakunja gazeti vizuri, akaingia ndani kula.

Mdogo wangu alinitazama kidogo, kisha akafunga mlango, mimi nikiwa nje.