Semina ya Kumeza

Mzee Alavikutty aliacha kusema na mkaza mwanawe siku ya Idi, na sababu ilikuwa biriani.

Siku hiyo nyumba nzima ilinukia samli na bizari. Ndugu walikuwa wamefika kutoka miji ya Manjeri na Nilambur, na kila aliyepita mbele ya mzee alipita na sahani iliyofurika. Yeye aliletewa bakuli lake la siku zote: wali, samaki na boga, vyote vimesagwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja laini cha rangi ya kijivu. Alilitazama bakuli, akamtazama Mubina, mke wa mwanawe, kisha akasema taratibu, kwa ulimi ambao kiharusi kiliuachia uzito kidogo, "Refa, leo umenipa kadi nyekundu." Tangu hapo alimjibu kwa kichwa tu, na mara nyingi kichwa kilisema hapana.

Neno refa halikumtoka bure. Kwa miaka mingi Alavikutty ndiye aliyetangaza mechi za wachezaji saba kwa saba pale kwao Arikode na vijiji vya jirani, kipaza sauti mkononi na leso shingoni, na watu walikuwa wakisema mpira bila sauti yake ni harusi bila pilau. Kiharusi kilipompiga, sauti ilimtoka yote, kisha ikarudi kidogo kidogo. Miguu nayo ikarudi nusu. Lililobaki na hitilafu ni koo. Akinywa maji au chai, alipaliwa, akakohoa hadi macho yakamtoka machozi.

Mubina alikuwa mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza katika hospitali moja ya Manjeri. Wiki zile za mwanzo alimpima mzee mwenyewe wodini, akaandika amri: chakula kisagwe, maji yatiwe unga maalumu yawe mazito kama uji, chai ya rangi marufuku. Alikuwa sahihi. Bila amri ile, chakula kingeweza kumwingia mzee mapafuni kikamuua. Aliporudishwa nyumbani, Mubina aliendelea vilevile, asubuhi na jioni, blenda ikinguruma jikoni, kisha akimlisha mwenyewe kwa kijiko, na hakuna aliyethubutu kumgusia jambo hilo. Mumewe Nisar, mwalimu wa hisabati na mtu asiyependa kelele, alijaribu mara moja, akaulizwa kama naye amesomea makoo. Hakujaribu tena.

Basi mambo yalikuwa hivyo wakati muda wa kuhuisha usajili wa Mubina ulipokaribia. Wataalamu wa fani yake, wa usemi na wa usikivu, hawaruhusiwi kufanya kazi kwa elimu ya zamani tu. Kila baada ya miaka kadhaa huonyesha pointi za mafunzo mapya walizokusanya. Mubina alizoea kuzikusanya kwenye simu, video ikisema peke yake juu ya meza huku yeye akikunja nguo. Safari hii aliambiwa pointi za simu zimetosha, zilizobaki ni za kuhudhuria kwa mwili. Nafasi iliyopatikana ilikuwa semina ya siku mbili kule Kochi, juu ya matatizo ya kumeza. Alinung'unika njia nzima. Kumeza! Jambo ambalo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mazoezi kila mwaka. Alimwachia Nisar maagizo yaliyojaza ukurasa, akayarudia kwa mdomo mlangoni, akapanda treni.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja, na katika ukumbi wa pili, pembeni kabisa, kulikuwa na harusi. Mubina alikaa jirani na mwanamke mnene mchangamfu aliyeitwa Trisa, kutoka Kottayam, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupima masikio na kuvalisha watu vifaa vya kusikia. Trisa alisema yeye habari za kumeza alizisahau tangu chuoni, amekuja kwa sababu pointi ni pointi, na kwa sababu hoteli ile inasifika kwa samaki. Alikuwa na pakiti ya chipsi za ndizi chini ya meza. Asubuhi yote walisikiliza mihadhara na kutafuna kwa siri, na Mubina akaanza kuona safari si mbaya sana.

Mwendeshaji alikuwa Daktari Sukanya, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na sauti isiyopanda wala kushuka. Ilipokaribia saa ya chakula, harufu ya biriani ya harusi ikapenya ukumbini. Watu wakaanza kufunga mikoba. Daktari Sukanya akawaomba wakae. Chakula kingeletwa hapohapo, alisema, na leo wangekula kile wanachowaandikia wagonjwa wao.

Milango ikafunguka, wahudumu wakaingia na mabakuli. Mubina aliangalia lake. Lilikuwa la kijivu.

Kanuni zilikuwa rahisi. Wawili wawili, mmoja alishwe, mwenzake alishe. Anayelishwa asishike kijiko na asiseme neno. Anayelisha asimame, asieleze kuna nini kijikoni, na aruhusiwe kupiga soga na jirani, kama inavyotokea wodini mchana watu wakiwa na haraka. Trisa alipewa kijiko cha kwanza, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Alimgeukia jirani yake akaanza kumsimulia habari za mteja mmoja aliyevaa kifaa cha kusikia, akasikia kwa mara ya kwanza mambo ambayo mkewe humwambia, na kesho yake akakirudisha. Huku akisimulia, mkono wake ulipeleka kijiko kinywani mwa Mubina bila kuangalia, kimoja juu ya kingine.

Kijiko cha kwanza Mubina alikimeza kwa ushujaa. Hakikuwa na chumvi. Kilikuwa na ladha ya samaki, kisha ya boga, kisha ya kitu kama karatasi iliyolowa, na vyote vilikuja kwa pamoja hata usijue unakula nini. Cha pili kilifika kabla cha kwanza hakijashuka. Cha tatu kikamgonga meno. Akapewa maji mazito, yakateleza kooni kama konokono, na kiu ikabaki palepale ilipokuwa. Kijiko kingine kikaja kutoka juu, na bila kufikiri Mubina akafumba mdomo akageuzia uso ukutani.

Akabaki hivyo hivyo, uso ukutani. Alikuwa akiijua sana ile sura, ya midomo iliyobanwa na kidevu kilichokwenda begani. Aliiona kila asubuhi na kila jioni kule nyumbani, na siku zote aliiita ukaidi.

Trisa aliacha hadithi yake akamwinamia. "Mubina, nimekuumiza?"

Akatikisa kichwa kuwa hapana. Hakuruhusiwa kusema.

Walipobadilishana, Trisa alikula vijiko viwili akatangaza, kinyume cha kanuni, kwamba yeye akipatwa na kiharusi atupwe tu ziwani. Ukumbi ukacheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku ile kila mtu alikuwa ameuonja kwenye ubavu wake. Kisha Daktari Sukanya akauliza swali moja. Ni nani kati yao ana mgonjwa ambaye amri yake ya chakula hajaipitia upya tangu alipoiandika?

Mubina hakuinua mkono. Wagonjwa wake wa Manjeri aliwapima tena kila baada ya wiki sita, bila kukosa, na alijivunia hilo. Mikono michache ikainuka. Ndipo likamjia la nyumbani, na mkono wake ukapanda wenyewe.

"Mgonjwa wa wapi huyo?" aliuliza Daktari Sukanya.

"Wa kwangu, Madam. Baba mkwe."

Vicheko vikatokea, lakini vya huruma, kwa sababu mikono mingine ikaanza kuinuka nyuma yake. Mmoja alikuwa na mama yake, mwingine mume. Kinyozi hajinyoi, na watu wale wote waliojua kuwahudumia wageni walikuwa wamewasahau wa ndani. Daktari Sukanya hakuwakaripia. Alisema tu kwamba koo lililoharibika mwaka jana si lazima liwe ndilo koo la leo, na kwamba hofu ya siku ya kwanza ni mshauri mzuri kwa siku hiyo ya kwanza tu.

Siku ya pili Mubina alikaa mstari wa mbele. Alijifunza kusaga kila chakula peke yake na viungo vyake, kukipanga sahanini kionekane, kuketi macho yakiwa sawa na ya mgonjwa. Aliuliza maswali mengi hadi Trisa akamwambia awaachie wengine pumzi.

Alirejea Arikode kesho yake alasiri, hakupiga simu. Alivua viatu barazani, akasikia kicheko cha mzee ndani. Alipoingia alimkuta Nisar na baba yake wameketi dirishani, na kati yao vikombe viwili vya chai ya rangi, nyepesi kabisa, limau likielea. Kikombe cha mzee kilikuwa nusu.

Nisar alisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa. Mubina alimuuliza tangu lini. Akakiri kwamba ilianza baada ya Idi, kila Jumanne yeye Mubina akiwa kwenye zamu ndefu. Huwa anamnywesha kwa kijiko, mzee kaketi wima, naye husikiliza kama anakohoa.

Hasira ilimpanda Mubina hadi masikioni. Alisema mzee angeweza kupaliwa akafia pale kitini, na nani angejibu? Nisar alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa upole, "Ningekuomba, ungekubali?"

Mubina akatua mkoba wake sakafuni. Asingekubali. Alijua, na mzee alijua, maana alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu anayesubiri hukumu huku mkono umezingira kikombe.

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mkwewe, chini kidogo, macho yakakutana.

"Uppa," alisema, kwa jina wanalomwitia baba nyumbani kwao, "juzi nimelishwa kile chakula chako."

Mzee alisogeza kikombe karibu naye. Akasubiri.

"Nilikula vijiko vitatu tu. Nikageuza uso."

"Ulionaje?" Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu Idi.

"Kama udongo wa shamba, Uppa. Tena shamba lisilo na mvua."

Kitu kikaanza kutikisika kifuani mwa mzee, na kwa sekunde moja Mubina alidhani kapaliwa. Kumbe anacheka. Alicheka hadi Nisar naye akacheka, na Mubina akajikuta anafuta machozi asiyojua ni ya kundi gani. Alimwomba radhi mzee. Naye akamwambia, "Mwanangu, wewe ulinizuia nisife. Sasa nizuie nisichoke kuishi."

Hata hivyo Mubina hakumwachia kikombe. Bahati si kipimo, alisema, na Jumanne kadhaa bila kikohozi haziwezi kuapa kwamba mapafu yako salama. Safari hii hakutaka kumpima yeye mwenyewe. Alimpigia mtaalamu mwenzake wa Kozhikode, na wiki hiyohiyo wakampeleka kwenye kipimo cha eksirei, ambapo mtu hula na kunywa vitu vilivyotiwa dawa nyeupe na picha ya koo lake huonekana ikicheza kwenye skrini.

Mzee alikalishwa upande, skrini ikiwa mbele yake. Aliponyweshwa funda la kwanza na kuona dawa ile, ambayo pichani ilikuwa kivuli cheusi, ikitembea kinywani mwake, akachangamka. Kila alipomaliza kumeza alikitangaza alichokiona, kwa ile sauti ya uwanjani.

"Mpira ulikuwa kwa ulimi. Ulimi akasitasita, mzee huyo, hana mbio za zamani. Akatoa pasi ndefu kwa koo. Koo alikuwa amelala, akashtuka, mlango wa mapafu ukafungwa, na mpira ukapita salama. Ndugu watazamaji, kipa hakuguswa."

Mtaalamu akamwomba, huku akijizuia, apumzike kidogo ili picha isitikisike. Funda dogo, kidevu kikiinama kifuani, lilipita vizuri kila mara. Funda kubwa liliponywewa kwa pupa, uzi mwembamba uliteleza upande wa mapafu, na mzee akakohoa. Alipopata pumzi akasema, "Ofsaidi. Refa yuko sahihi." Mubina, aliyesimama nyuma ya kioo, alilazimika kutoka nje acheke.

Majibu hayakumpa mzee kila alichotaka. Chai ya rangi aliruhusiwa, kwa mafunda madogo na kidevu chini. Wali mkavu bado ulikuwa ukinasa kooni, kwa hiyo biriani ya harusini ingesubiri mazoezi. Lakini chakula laini chenye mchuzi, kilichopondwa na si kusagwa kikawa uji, kilifaa. Mubina alimpangia mazoezi ya koo ya kila siku, na Nisar akapewa kazi ya kuyasimamia, kwa kuwa alionyesha ana mkono mzuri wa Jumanne.

Ijumaa Mubina alipika wali wa samli. Aliupika ukalainika, akaulowesha kwa mchuzi. Nyama ya ng'ombe akaiponda peke yake na pilipili manga, tangawizi na mdalasini, boga likakaa upande wake, la njano kama lilivyoumbwa. Alipoweka sahani alimwelezea mzee kimoja kimoja, akampa kijiko ashike mwenyewe. Punje chache zikaanguka kwenye kanzu, na hakuna aliyezifuta kwa haraka.

"Chumvi?" aliuliza Mubina.

"Ipo." Akameza, akangoja, akameza tena, kama alivyofundishwa. "Pilipili umeogopa."

Wakati huo simu ikalia. Alikuwa Trisa, ametaka kujua kama pointi zao zimeingia. Zilikuwa zimeingia, na usajili wa Mubina ulikuwa umeshahuishwa. Trisa akasema kuna semina nyingine Thrissur, safari hii ya masikio ya wazee, na yeye ndiye atakayeongea siku ya kwanza, kwa hiyo anahitaji angalau mtu mmoja wa kumpigia makofi. Mubina hakuwa na haja tena ya pointi hata moja. Alimwambia amwandikishe, na abebe chipsi za ndizi.

Aliporudi mezani, Nisar alikuwa amemaliza kula kitambo, amekaa tu na baba yake. Mzee alikuwa bado nusu ya sahani, anachovya nyama kwenye mchuzi, anatafuna polepole. Mubina akajipakulia wake, akaketi karibu naye, wakala.