Faini ya Kuwahi

Seremala alivaa suti yake ya harusi kwenda kumaliza mkopo wa nyumba. Mkewe alimwambia benki hawapigi vigelegele, lakini mzee yule akishaamua jambo haambiliki. Kiwanja cha urithi kilikuwa kimeshauzwa, fedha zilikuwepo, na Jumatatu alikuwa analazwa kupasuliwa moyo. Hakutaka kumwachia mkewe deni.

Afisa wa mikopo, binti wa rika la kitinda mimba wao, alisoma faili, kisha akakuna shavu.

"Baba, ukilipa yote leo kuna faini. Asilimia tatu ya deni lililobaki."

"Faini? Kwa kulipa?" Seremala alikuja juu. "Anayechelewa mnamtoza, anayewahi mnamtoza. Sasa mwema wenu nani?"

Binti alicheka kidogo, akaeleza taratibu. Miaka mitatu ya mwanzo riba yao ilikuwa ndogo na haibadiliki, na benki ilikubali hivyo kwa kutegemea kwamba hawataondoka mapema. Baada ya hapo riba ingepanda na kushuka kufuata soko, na faini ingekoma.

"Imebaki miezi miwili tu," alisema. "Riba ya miezi hiyo haifiki nusu ya faini. Subirini, baba."

Kusubiri ni kazi rahisi kwa mwenye moyo mzima. Seremala alitazama viatu vyake.

"Dawa ya deni kulipa," alisema kwa sauti ndogo. "Kata hiyo faini, mwanangu. Nilipe leo."

Mkewe, aliyeketi kando yake, alikuwa ameshaelewa hesabu, maana ndiye mshika mfuko wa nyumba ile tangu waoane. Lakini hakuzungumzia fedha. Alimwekea mume wake mkono begani.

"Hiyo faini unailipa ili unitayarishie ujane. Mimi siitaki."

"Na nisiporudi, mama watoto?"

"Nitakuja peke yangu, nitalipa, nitalia hapahapa mpaka mlinzi anitoe. Lakini leo uko hai, na mimi sikuziki kabla ya siku yako."

Macho ya seremala yalijaa machozi. Alikuwa na hofu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuificha. Alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakulizoea kabisa.

Binti alivuta kalenda na kuinamisha uso, naye macho yamemlowa.

"Basi niwaandikie miadi ya siku faini inapokwisha. Atakuja nani?"

Seremala alikohoa kusafisha koo.

"Andika wawili," alisema.