Wasichana Wachore Taa

...sogeeni basi, sogeeni karibu na mnyamaze, nyote mnaonipigia kelele humu kichwani, wewe baba na kikohozi chako, wewe mama, na wewe marehemu mume wangu ambaye hata kaburini hukosi la kusema, nyamazeni nimsikie huyu mwalimu, maana kasema mzazi anayekubali anyooshe mkono, na mikono imeanza kupanda, wa kwangu umelala mapajani kama jiwe, dawati lenyewe la watoto, magoti yanataka kunigonga kidevu, na fundi cherehani niliyebanana naye ananinong'oneza, nyoosha bibi tuondoke, nimeacha mteja kasimama na gauni la mkono mmoja, nacheka moyoni, halafu hasira inarudi palepale, nikubali nini mimi, huyu kasema utafiti unaonyesha, ubongo wa mvulana hivi, ubongo wa msichana vile, mvulana anajifunza kwa kushika, kwa kusimama, kwa kushindana na mwenzake, msichana anajifunza kwa kutulia na kusikiliza na kuandika vizuri, wamejaribu wiki hizi wameona matunda, sasa wanataka iwe hivyo mwaka mzima, na mstari wa chaki ndio huu sakafuni, umekata darasa katikati, nimeukanyaga nikiingia nikadhani ni mchezo wa watoto, kumbe ndio mpaka, wavulana upande wa dirisha na meza yao ina betri na nyaya na vitaa vidogo, wasichana upande wa ukuta na meza yao ina penseli za rangi... penseli za rangi! juzi mjukuu wangu kaingia jikoni kaitupa karatasi chini, nikamuuliza, mke mwenzangu, nani kakuudhi, maana ndivyo tunavyotaniana, akasema bibi, wavulana wamewasha taa, sisi tumechora taa, nikaiokota, taa ya njano nzuri kabisa, na alama nyekundu ya vema pembeni, nikamwambia mbona mwalimu kakupa vema, akaniangalia kama mimi ndiye mtoto, akasema bibi, taa yangu haiwaki... na hakulia, angelia ningejua la kufanya, nina kanga na nina magoti, lakini alikaa anachomoa uzi kwenye sketi yake, akasema kama ni kuchora nitachorea hapahapa nyumbani, sirudi, na ninamjua, akisema sirudi harudi, huyu ndiye mtaa mzima unamwita Bisibisi, aliyeifungua redio ya babu yake akazipanga skrubu kwenye sinia kama anapanga maandazi, marehemu katoka kuoga na taulo kiunoni, nikasema leo hapa kuna msiba, yeye akasema tu, ikibaki moja nje utalala nayo mdomoni, na haikubaki, na redio ikaimba... nyamaza wewe, najua ulisema, usijisifu... nini? mwalimu anasema nini, "wasichana wanapenda usafi na utulivu, wazazi, wenyewe mnawajua nyumbani," na baba mmoja huko mbele, dereva wa lori, anacheka, "wa kwangu huyo utulivu kauacha kwa nani, mwalimu," watu wanacheka, hata mwalimu anacheka, na mkono wa dereva uko juu hivyohivyo, anacheka na anakubali, ndiyo mambo yanavyopita haya, kwa kicheko... na pacha wa Bisibisi je, mjukuu wangu wa kiume, mume wangu mdogo, yule mpole, aliyekaa naye tumbo moja, chaki imepita katikati yao, kawekwa dirishani na madume, eti ashindane, wa kwanza kuwasha taa apigiwe makofi, wakamnyang'anya waya mkononi wakamwita bi harusi, karudi nyumbani hajui chochote, sasa yule mwenye vitaa mezani hakuwasha, na yule ambaye angewasha alipewa rangi, niambieni nyinyi mlio kimya sasa, hiyo ni akili ya wapi, na jioni ileile Bisibisi katoa betri kwenye tochi yangu, kaomba waya kwa fundi redio wa kona, pacha wake kakaa juu ya ndoo anasikiliza, hashiki kitu, anauliza tu, kwa nini nyaya mbili, moja haitoshi? na dada mtu anasema haitoshi, umeme ukitoka lazima upate njia ya kurudi, na kitaa kikawaka hapo kati ya masufuria, na yule mdogo akanigeukia akanieleza yote mwanzo mpaka mwisho, kwa upole wake ule, na mimi na mvi zangu nikaelewa, mimi ambaye hata jina langu likiandikwa pale ubaoni nitalipita kama mgeni... mmoja kwa kushika, mmoja kwa kusikia, ni kweli basi, watoto hawafanani, mwalimu hajasema uongo wote, ila hakuwauliza, aliangalia sketi na kaptula akamaliza, na si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniuma, ndiye aliyembeba Bisibisi mgongoni siku ya mafuriko, angekuwa mbaya ningeshamtukana nikaenda zangu... baba, acha kukohoa, sema unachotaka kusema, ulikisema siku ile tukiwa uani, kaka kavaa shati jipya, na mimi nimekwishaoga, nimejipaka mafuta, nadhani tunakwenda shule wote, ukasema wewe rudi ndani, akili ya mwanamke iko mikononi, atajifunza kwa kushika, ya mwanamume iko kichwani, yeye ataweza kukaa na kusikiliza... eeh! rudia, baba, rudia hapo... mimi nijifunze kwa kushika, kwa hiyo nishike jembe na ufagio, kaka ajifunze kwa kukaa na kusikiliza, kwa hiyo apate shule, na leo huyu anasema mvulana ndiye wa kushika, kwa hiyo apate betri, msichana ndiye wa kukaa, kwa hiyo apate ukuta, wamegeuza maneno juu chini, chini juu, na kizuri kimeangukia palepale! miaka yote nilidhani nina mikono tu, nikaamini, nikaona haya mbele ya kila mwenye kalamu, kumbe haikuwa habari ya akili yangu, ilikuwa habari ya mgao... "bibi, wewe wa nyuma," ananiita, chaki bado mkononi, "unakubali au bado unafikiri?" na fundi cherehani ananipiga kiwiko, bibi, gauni langu jamani, na mikono yote iko juu, na wangu bado mapajani, lakini mguu unatafuta kiatu chini ya dawati, kipo, nimekipata, sitanyoosha mkono, nitasimama, ngojeni... shamba la baba alirithi kaka, na shule, sufuria za mama nilirithi mimi nikampa mkwe wangu, redio ya marehemu itakwenda kwa mume wangu mdogo anayejua kusikiliza, sanduku la vyuma lenye bisibisi zote ni la mke mwenzangu, na ule ukimya niliopewa siku ile uani, nikautunza kama dhahabu, huo harithi mtu, nauacha hapa, juu ya dawati hili.