Kona ya Mama Crocifissa

Hakuna mwanamke aliye hai Sisilia nzima aliyewajua madereva wakubwa wa mashindano ya zamani kama nilivyowajua mimi. Haya, niseme kweli: nilimjua kila mmoja kwa muda wa kupiga chafya, na wote walikuwa na uso mmoja, wa vumbi.

Lakini hata vumbi lina wenyewe. Mbelgiji Delvaux alipita mlangoni petu amefunga tai, na alimwinamishia kichwa kila mjane aliyevaa nyeusi. Sisi wasichana tukatamani kufiwa. Trapassi, mzee wa sikio moja, aliimba kwenye kona. Sauti hatukuisikia kamwe kwa ngurumo ya injini, tuliona tu kinywa kimeachama, na baba aliapa kwamba ile ni sala. Injini zao zilitiwa mafuta ya nyonyo, yale yale tuliyonyweshwa tukifunga choo. Sasa nina miaka themanini na minne, na nikiisikia harufu ile moyo unaruka na tumbo linajikunja. Sijui lipi kati ya hayo ni mapenzi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipokuja kwetu bwana Landolfo Sticca, bingwa wa mwaka uliotangulia. Alihitaji fundi wa kukaa ubavuni mwake, apige pampu ya mafuta kwa mkono, achungulie nyuma, na kwenye kona aning'inie nje ili gari lisipinduke. Fundi wake wa zamani alining'inia mno, akazikwa. Sasa alimtaka kaka yangu Rosolino, mwendesha mkokoteni, kwa kuwa kaka alizijua kona zote za mlima hata akisinzia. Nyumbu ndiye aliyemfundisha.

Mama yangu, Crocifissa, alikuwa akimenya maharage. Hakumpa bwana yule kiti.

"Nimezaa wavulana watatu," alisema. "Wawili vita vimewala. Huyu naye unamtakia nini?"

"Mama, tunakwenda kutembea tu."

"Kutembea, na makelele yote yale?"

"Kelele nyingi, mwendo kidogo. Si ndivyo tulivyo wanaume?"

Mama alikaribia kucheka, akajizuia. "Sikiliza, bwana. Barabara inapita hapa mlangoni pangu. Nikijua mwanangu anakimbizwa kama sungura, nalala katikati ya barabara hiyo. Utanipita juu, mimi na shali yangu."

Hakuna aliyecheka. Wanajeshi walipokuja kumchukua kaka yangu Turiddu, mama alilala mbele ya lori lao, wakambeba kama gunia wakamweka kando. Bwana Landolfo akambusu mkono, akaapa kwamba watakwenda polepole. Nyuma ya mlango Rosolino alisimama hapumui.

Siku ya mashindano mama aliweka kiti chake kwenye kona tangu alfajiri. Mzunguko wa kwanza gari lao lilikuja polepole kama la harusi. Bwana Landolfo akavua kofia, Rosolino akapunga mkono, meno meupe katikati ya vumbi. Walipolipita kanisa, ngurumo ikapanda hadi vioo vikatetemeka.

"Mbona sasa wanakimbia?"

"Ni mteremko, mama."

"Mteremko unaopanda?"

"Mashine zina mambo yake."

Ng'ambo, nje ya duka la tumbaku, kulikuwa na ubao. Kila simu ilipolia, karani wa posta aliandika kwa chaki nani anaongoza na nani anafuata. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na madarasa yangu matano. Nilijua pia kwamba Rosolino, usiku kabla ya siku ile, alikuwa amelia kwa furaha kwenye zizi la nyumbu.

"Pameandikwaje, Sarina?"

"Wa mwisho, mama."

"Mungu asifiwe," akasema, akabusu rozari. Ami yangu Gaspano alitaka kushangilia, nikamkanyaga kidole.

Mzunguko wa tatu wakatokea kabla ya gari lolote.

"Wa mwisho anatanguliaje?"

"Wenzao wamewazidi mzunguko mzima, mama. Hawa ndio kwanza wanajikokota."

"Masikini," alisema mama. Ami Gaspano akakohoa hadi machozi yakamtoka.

Mara ya nne, ndiyo ya mwisho, walipita taratibu zaidi, na bwana Landolfo alimrushia mama busu kwa vidole vyeusi vya grisi. Tukangoja. Simu ikalia. Karani akaandika, na mtaa mzima ukaniangalia mimi, kwani wote nilikuwa nimewaapisha wanyamaze.

Mama akainuka, akanishika mkono, tukavuka hadi kwenye ubao.

"Nisomee."

"Wa mwisho, mama. Lakini salama. Wamefika salama."

"Jina lao ni lipi? Nataka kuliona."

Nilisomeshwa na watawa mimi: ukiulizwa jina, unaweka kidole kwenye jina. Nikaweka.

Mama akakitazama kidole changu. Kisha akayatazama majina mengine kumi na mawili yaliyopangana chini yake, moja moja, bila haraka, kama anayekagua nguo kwenye kamba.

"Kusoma sijui, Sarina," alisema. "Lakini juu na chini navijua. Tangu asubuhi mdomo wako unasema chini, na macho yako yanatazama juu."