Mdhamini wa Jezi

Mtaa mzima ulimwita Mdhamini, na jina lile alilipenda, tusidanganyane. Alikuwa mwoka mikate, mjane wa miaka hamsini na mbili asiye na mtoto, mwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba na dirisha la kuuzia mbele. Miaka mitatu nyuma, timu ya mpira ya mtaa ilikuwa ikicheza na fulana za rangi saba, kila mtu na yake, mpaka refa mmoja akagoma kupuliza filimbi. Yeye akajikamua, akawashonea jezi za kijani, seti nzima. Tangu siku hiyo akipita tu ni "Shikamoo Mdhamini!" Hata muuza dawa wa kona, mtu asiyemsalimia yeyote, alikuwa anamvulia kofia.

Mwenyekiti wa timu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Shemeji huyu alikuwa mhasibu wa hospitali ya wilaya, mtu wa suruali zenye pasi iliyosimama na ulimi wa asali. Sasa mhasibu akashtakiwa. Vitanda arobaini vya wodi ya wazazi vilikuwa vimelipiwa, karatasi zimepigwa mihuri kwamba vimepokelewa, na wodini hakuna hata mguu wa kitanda kimoja. Wanawake walikuwa wanajifungulia kwenye mikeka waliyobeba wenyewe kutoka nyumbani.

"Fitina za ofisini tu, dada," alisema mdogo wake, machozi yanamtiririka. Mwoka mikate akaamini. Ni mdogo wake, alimbeba mgongoni, alimsomesha kwa mikate. Mtu atamwamini nani tena?

Asubuhi ya dhamana walikwenda mahakamani kama watu wanaokwenda fainali. Wachezaji walikuja na jezi zao. Wakili wa shemeji alikuwa amemwambia mwoka mikate abebe hati ya kiwanja chake, "waione tu kwamba wewe ni mtu mwenye makazi ya kueleweka, mama." Akaibeba ndani ya mfuko wa nailoni, juu yake akaweka mikate miwili ya kumpa wakili, maana mtu mwema hapewi mkono mtupu. Karani akatokea mlangoni na faili, akaita:

"Mdhamini yupo?"

Loo! Benchi zima likageuka. "Yupooo!" wakajibu wachezaji kwa pamoja, na mmoja akapiga mluzi mpaka askari akamkaripia. Mwoka mikate akasimama, akaweka mtandio wake sawa, akaenda mbele anatabasamu. Palipoandikwa "sahihi ya mdhamini" akatia sahihi yake ile yenye mkia mrefu, ile ile anayotia kwenye daftari la timu, na karani akaifungia hati yake kwenye faili. Hakimu akamwuliza kama ameelewa wajibu wake. Akajibu kwamba ameelewa sana, mheshimiwa, na ataendelea kuutimiza msimu hadi msimu. Hakimu akamtazama kidogo juu ya miwani, lakini mezani kulikuwa na mafaili mengine thelathini, akaita kesi inayofuata.

Cheka ukitaka, hata mimi nilicheka niliposimuliwa. Lakini wakili hakucheka. Alikuwa amesimama pale pale, anajua kilichotokea, na shemeji kizimbani anajua, na hakuna aliyefungua mdomo wake kusema, mama, hii siyo ile. Walimvika kilemba cha ukoka, naye kwa furaha akakifunga mwenyewe.

Wiki tano baadaye kesi ikaitwa. Mwoka mikate alifika mapema, akakaa benchi la nyuma na kikapu chake. Jina la mshtakiwa likaitwa mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili. Mara ya tatu karani alitoka mpaka uwanjani akapaza sauti, akarudi anatikisa kichwa.

"Mdhamini yuko wapi?" akauliza hakimu.

"Nipo, mheshimiwa."

"Mtu wako yuko wapi?"

"Mtu wangu? Mheshimiwa, mimi najuaje? Ndugu yangu mimi ni mkewe, yeye mwenyewe sikumzaa."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alisoma kutoka kwenye karatasi, taratibu. Siku saba. Amlete mshtakiwa ndani ya siku saba. Asipomleta, kiwanja chake, pamoja na nyumba na tanuri vilivyomo, vitachukuliwa na mahakama, na thamani isipotosha atakwenda gerezani miezi sita.

Kwenye korido alimshika karani mkono wa shati. "Mwanangu, kuna makosa. Mimi ni mdhamini wa jezi!"

Karani alikuwa kijana mchovu mwenye wino vidoleni. Akafungua faili, akamwekea kidole kwenye mstari. "Mama, hapa hatuchezi mpira. Mdhamini wa huku ni yule anayesema: huyu akitoroka, nishikeni mimi. Umesema. Sahihi ndiyo hii."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hakimu alikuuliza kama umeelewa."

Naye akakumbuka alivyojibu, msimu hadi msimu, na uso ukamwaka moto kwa aibu. Karani akamwonea huruma kidogo. Akamwambia kwa sauti ya chini: sheria inamruhusu mdhamini kujitoa, lakini kwanza mtu wake aonekane. "Ukijua alipo, ita polisi. Wakishamfikisha hapa, wewe uko huru."

Akatoka pale moja kwa moja hadi kwa mdogo wake. Mdogo mtu alimpokea mlangoni, khanga kichwani, macho mekundu. Ameondoka, dada. Alisema anakwenda kutibiwa mbali, simu haipatikani, hata mimi sijui kama yu hai. Akalia, na mwoka mikate, mwenye siku saba shingoni, ndiye aliyemfuta machozi. Alimpikia na chai. Fikiria, alimpikia na chai!

Siku nne akahangaika. Aliuliza kituo cha mabasi, aliuliza wachezaji, ambao sasa walimpisha njiani huku wanatazama viatu vyao. Wakili hakupokea simu. Aliposimama mbele ya tanuri lake alfajiri, alilitazama tofali kwa tofali. Marehemu mumewe ndiye aliyelijenga, na hakuna kingine duniani kinachomlisha. Alikanda unga akiwa na hasira hadi mikate ikatoka migumu, wateja wakalalamika, akawaambia wakale mawe basi.

Siku ya tano, saa tisa mchana, akarudi kwa mdogo wake bila kupiga hodi ya simu. Alikuta pasi ya umeme mezani, na kando yake mashati ya kiume saba yamekunjwa, mstari wa mkono umesimama wima. Akaomba kwenda msalani. Kwenye beseni la kunawia palikuwa na wembe, na kwenye wembe povu la sabuni, bichi, halijakauka.

Uvumilivu wake wote uliishia hapo. Akatoka akasukuma mlango wa chumba, akasukuma wa pili, akafika stoo. Shemeji alikuwa amekaa kwenye godoro, na fulana ya ndani, kidevu kimenyolewa kinang'aa, redio ndogo sikioni anasikiliza mpira.

"Aa, dada," akasema, akatoa kisikilizio. "Karibu."

"Karibu! Wewe unanikaribisha mimi? Mimi natafutwa na serikali, wewe unasikiliza mpira?"

"Usipaniki, dada. Wakili ameshanieleza. Wanatisha tu wale. Mwanamke wa umri wako hawamfungi. Kiwanja kikienda, basi, mimi mambo yakikaa sawa nakununulia kizuri zaidi, barabarani kabisa. Ndiyo kazi ya mdhamini, kumbeba mwenzake."

Aliyasema haya kwa upole, kama mwalimu anayemwelekeza mtoto mzito wa kuelewa. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Vitanda viko wapi?" akauliza mwoka mikate.

"Vitanda gani tena?"

"Arobaini! Binti wa jirani yangu amejifungulia sakafuni, juu ya mkeka wake mwenyewe, mwezi uliopita, mimi nilikwenda kumwona na mikate! Nikamwambia ni fitina za ofisini! Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia mzazi mwenye damu miguuni kwamba shemeji yangu anaonewa!"

"Dada, punguza sauti, majirani," akasema mdogo mtu kutoka nyuma yake.

"Majirani? Wasikie!" Akakifungua kidirisha cha stoo akaongeza sauti. "Wasikie wote, yupo huku, amenyoa!"

Kisha akaketi. Stoo ilikuwa na mlango mmoja, kidirisha chenye nondo na magunia ya mchele, na yeye akajikalisha kizingitini, miguu ameinyoosha, akatoa simu kwenye kikapu akawapigia polisi. Akawapa jina la mtaa, rangi ya geti na jina la mtu. Wakamwambia asubiri gari lirudi. Akasema atasubiri.

Shemeji alijaribu kila njia. Aliomba. Aliahidi. Akatisha kwamba atamruka, naye akamwambia ruka basi, tuone hicho kitambi kitapita wapi. Kisha watoto wakarudi kutoka shule, watatu, wakasimama sebuleni na mabegi mgongoni wakimtazama mama yao mkubwa, aliyekaa chini kama mlinzi. Yule mdogo akauliza, "Mama mkubwa, umeanguka?"

Ee, hapo alilegea. Wacha niseme ukweli, alilegea. Aliwaona bila baba, akawaza kwamba yeye ni mtu mmoja, anaweza kulala popote. Akaanza kuuvuta mguu. Angeinuka.

Mdogo wake akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Dada yangu, fikiria. Wewe huna mtoto. Ukikaa ndani miezi sita, nani atalala njaa? Hakuna. Ndiyo maana tulikuchagua wewe."

"Mlinichagua."

"Tulikaa tukafikiri sana, dada, usidhani ni—"

"Wewe na yeye. Mlikaa."

Mdogo mtu akagundua alichosema, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga. Mwoka mikate aliurudisha mguu wake mahali pake. Akakaa hapo hadi askari walipofika, na machozi yalimtoka, na hakuyafuta, na hakuna aliyemfuta.

Siku ya saba, mahakamani, hakuja mchezaji hata mmoja. Shemeji alikuwa kizimbani na shati moja kati ya yale saba. Karani akamletea mwoka mikate karatasi ya kujitoa. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo inacheza, na alipofika kwenye neno asilolijua akauliza. Hakimu mzima akasubiri. Alipotia sahihi, karani akamrudishia hati yake, naye akaiweka kifuani, chini ya mtandio.

Wakili akainuka haraka. Mteja wake ni mgonjwa, mteja wake ana familia changa, anaomba apewe dhamana upya.

"Kuna mdhamini mwingine?" akauliza hakimu.

Mwendesha mashtaka akatazama karatasi zake. "Mheshimiwa, mke wa mshtakiwa anamiliki nyumba ya vyumba vinne, na hati yake ina jina lake peke yake. Na namwona pale, benchi la pili."

Vichwa vikageuka. Shemeji naye akageuka kizimbani, uso umechangamka, akampa mkewe ishara kwa mkono: njoo, njoo.

"Mama," akasema hakimu, "uko tayari kumdhamini mumeo kwa nyumba yako?"

Feni ya darini ilikuwa inagonga. Mwoka mikate alimtazama mdogo wake, ambaye yeye alimsomesha kwa mikate, na kwa mara ya kwanza tangu stoo akamsemesha.

"Simama, mdogo wangu. Wanakuita."

Mdogo mtu akaupakata mkoba wake, akaukumbatia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Hakimu akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Kisha akawaashiria askari, nao wakamshika mhasibu kila mmoja upande wake wakamteremsha ngazi za mahabusu, huku akigeuka nyuma kila hatua kumtazama mkewe. Mkewe hakusimama.