Mtu wa Nyuma ya Kamera

Nilitoka Malukhu alfajiri kwenda Jinja kwa dada yangu Habibah, kwa sababu kwake kuna dishi na king'amuzi kinachorekodi, na siku ile walikuwa wanaonyesha kipindi alichokifanyia kazi marehemu mume wangu. Kipindi chenyewe sikuwa na haja nacho. Nilimtaka Wanyera. Nimebaki na picha yake ya kitambulisho tu, kanuna kama mtu aliyekamatwa, na sasa ni miezi minane, naanza kusahau alivyokuwa anatembea. Hilo linaniuma kuliko kaburi lenyewe.

Katika kipindi hicho mzungu mmoja anaachwa siku sita katika misitu ya Mlima Elgon, bila chakula, peke yake, tuone kama atapona. Peke yake! Wanyera na wenzake kumi na mmoja walimbebea mahema, majiko na viti vya kukunja.

Tukakaa. Mzungu akasugua vijiti, eti moto ukashika papo hapo. Akafukua chini ya mianzi, akaibuka na malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyapika kwa karanga, akatangaza kwamba yameokoa maisha yake. Habibah akajipiga paja.

"We Jaliah, hii muzungu naongopa! Malewa gani natoka kwa udongo imesha kauka na moshi?"

"Ile malewa yangu," nikasema. "Mi ndio nafungia Wanyera. Ona kamba ya mugomba."

Tulicheka hadi machozi, kisha yangu yakakataa kukoma. Chakula changu wamekionyesha, mlaji wamemkata. Kila nilipodhani mtu atapita nyuma ya mzungu yule, picha ilirukia ndege au nyani. Hata kivuli sikupata. Waongo wakubwa wale, sijawasamehe.

Siku ya tano mzungu akalia. Akaisogelea kamera, akasema hakuna binadamu anayejua alipo. Mara midomo ikamcheza, macho yakapanda juu ya kamera, kicheko kikamtoka, akakibana haraka.

Nikamshika dada mkono. Wanyera alinisimulia: mzungu alipoanza kulia, yeye alisimama nyuma ya mpiga picha akatikisa mabega kama anacheza kadodi, ngoma yetu ya jando, mpaka bosi akamfokea.

"Rudisha."

"Hakuna kitu pale, Jaliah. Iko muzungu tu."

"Rudisha, dada."

Akarudisha mara tatu. Ya nne akasimamisha picha. Nikasogea hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Yale macho ya kijivu yalikuwa yanamtazama mume wangu, mzima, anacheza. Nikayachungulia, jicho moja kisha la pili, nikimtafuta humo ndani.